Nimefyeka nyasi, nimepuliza dawa, mbu bado wapo

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba yetu wenyewe. Nyuma tuna migomba, mwembe na matuta machache ya mchicha, mbele nina maua ya vyungu. Mchana nikikaa chini ya mwembe mbu wananimaliza miguu, na usiku ndani ndiyo balaa kabisa. Nimefyeka nyasi zote, nimepanda mchaichai kuzunguka ukuta, nimenunua Kariakoo kile kidude cha kuchomeka kwenye umeme kinachotoa mlio wa kufukuza mbu, na kila jioni tunapuliza dawa ya kopo. Jirani ananiambia nimwage oili chafu kwenye karo. Mume wangu anataka kukata migomba yote. Mwezi uliopita mtoto wetu wa miaka minne alipata homa kali, akapimwa malaria, hakukutwa nayo. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba dada. Anzia kwenye karo, yaani shimo la maji taka, ila si kwa oili chafu. Na shemeji mwambie aweke panga chini kwanza, migomba tutaifikia.

Kazi yote uliyofanya imewalenga mbu wakubwa wanaoruka. Hao ukiwaua leo, kesho kutwa wametoka wengine, kwa sababu kwa joto la Dar es Salaam yai la mbu huhitaji kama wiki moja hadi siku kumi tu kuwa mbu kamili. Jike mmoja hutaga mayai mia moja na zaidi kwa mkupuo. Kupuliza dawa kila jioni bila kugusa mazalia ni kutwanga maji kinuni, tena kwa gharama. Nyasi nazo hazizai mbu. Mbu hujificha kwenye nyasi na vichaka mchana kukwepa jua, kwa hiyo kufyeka si kosa, lakini hakuna hata mmoja aliyezaliwa pale. Mbu wote huzaliwa majini.

Ukisoma upya barua yako utaona umetaja shida mbili: ya mchana chini ya mwembe na ya usiku ndani. Hao ni mbu tofauti, wanazaliwa sehemu tofauti, na dawa ya mmoja haimhusu mwenzake.

Wa mchana karibu hakika ni Aedes aegypti. Mpige mmoja umwangalie: mweusi, ana madoa meupe mwilini na pete nyeupe miguuni. Anakuja kimyakimya, anapenda vifundo vya miguu, ukimpunga anazunguka kidogo na kurudi. Kilele chake ni asubuhi na tena alasiri kuelekea magharibi. Huyu ndiye anayeleta dengue, homa ambayo wengine huiita kidingapopo, na pia chikungunya, ambayo virusi vyake vilitambuliwa mara ya kwanza hukuhuku kwetu, kwenye uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952. Habari njema ni kwamba haruki mbali. Kwa kawaida humaliza maisha yake ndani ya mita mia moja au mia mbili tangu alipozaliwa. Maana yake, anayekuuma chini ya mwembe amezaliwa kwako au kwa jirani wa ukuta kwa ukuta.

Wa usiku mjini kwetu mara nyingi ni Culex, yule wa kahawia asiye na mapambo, anayekupigia kelele sikioni. Yeye anataka maji machafu: karo, choo cha shimo chenye maji, mtaro uliotuama. Malaria haenezi, lakini mabusha na matende ni kazi yake. Katikati yao wamo Anopheles wachache, na uchache wao usikudanganye, kwa sababu ndio wa malaria. Anopheles akitua ukutani huinua mkia juu, mwili umekaa mshazari. Culex hukaa sambamba na ukuta. Hata viluilui vyao, yaani watoto wa mbu wanaoishi majini, hutofautiana. Chota maji kwa upawa, uyaache yatulie. Vya Culex na Aedes huning'inia vichwa chini, vimechomoza kimrija cha kupumulia juu. Vya Anopheles hulala bapa kwenye uso wa maji. Dakika mbili za kuangalia zitakuokolea hela nyingi za makopo ya dawa.

Sasa karo. Kabla hujaamini neno langu, fanya jaribio. Chukua ndoo nyeupe, paka ndani mafuta ya kupikia, ifunike juu ya tundu unalolishuku (mdomo wa bomba la hewa, au ufa wa mfuniko) kabla ya magharibi, uiache hadi asubuhi. Mbu wakiwa wanatoka humo utawakuta wamenasa kwenye mafuta. Nimeona nyumba ambazo ndoo moja ilitosha kumaliza ubishi wa familia nzima.

Mbu hutoka na kuingia karoni kwa njia ambazo fundi alizisahau. Ya kwanza ni pembezoni mwa mfuniko wa zege: ukishafunguliwa na gari la kunyonya maji taka, hurudishwa tu bila kuzibwa. Ya pili ni bomba la hewa lisilo na wavu mdomoni. Ya tatu, na watu wengi hawaifikirii, ni zile chemba ndogo za maji ya bafuni na jikoni zilizofunikwa kwa kipande cha bati au mbao. Usisahau shimo la pili, lile la kunyonya maji, kama lipo. Ziba nyufa kwa mchanganyiko hafifu wa saruji na mchanga, wenye mchanga mwingi, ili siku ya kunyonya paweze kuvunjika bila nyundo kubwa. Bomba la hewa lifunge wavu wa aluminiamu au wa nyuzi za plastiki ngumu. Wavu wa chuma cha kawaida huliwa na gesi ya karo ukaoza. Kuziba huku kunagharimu mfuko mmoja wa saruji na kipande cha wavu. Katika nyumba yako sidhani kama kuna fedha nyingine itakayokulipa zaidi ya hiyo.

Ukishaziba, ndani wanabaki waliokuwemo na watakufa humo. Kama kuna mahali huwezi kuziba, ndipo tuzungumzie cha kuweka majini.

Oili chafu inaua viluilui, jirani yako hakusema uongo. Hutanda juu ya maji na kuvizibia pumzi. Lakini karo lako halikujengewa sakafu ya kioo: maji yake yananyonywa na ardhi ile ile ambayo watu wa Tabata wamechimbia visima, na mvua kubwa ikija, yanatiririka kwenda bonde la Msimbazi. Oili ya gari ina metali na sumu ambazo haziozi leo wala kesho. Isitoshe utando wake hukatika, inabidi umwage tena na tena. Mafuta ya taa nayo ni hivyo hivyo, ila yanapotea haraka zaidi. Jik inaua bakteria wanaolisaidia karo kusaga uchafu, kisha karo linajaa upesi. Chumvi isahau kabisa. Pwani yetu ina hata aina ya Anopheles inayozaliana kwenye maji ya chumvichumvi.

Kuna njia iliyowahi kufanya kazi nzuri kwelikweli karibu na hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walitandaza kwenye vyoo vya shimo vyenye maji vile vipunje vyeupe vyepesi vya plastiki, jamii ya yale maboksi meupe yanayozunguka televisheni mpya. Tabaka la sentimita chache likielea juu, viluilui havipati hewa na majike hayapati pa kutagia, tena vipunje haviozi kwa miaka. Wakati huohuo wananchi walipewa dawa ya matende. Mbu wa Culex walishuka mno, na watu waliokuwa na minyoo midogo ya matende katika damu, mwanzoni karibu nusu ya waliopimwa, wakabaki asilimia chache tu. Kwa choo cha shimo kisichofurika, bado ni njia ninayoiheshimu. Kwa karo la Tabata siipendekezi: gari la kunyonya litaondoka navyo, na masika ikifurika vitatapakaa mitaroni hadi baharini.

Kwako wewe, dawa ya majini iliyo salama ni viuadudu vya kibayolojia, vile ambavyo kiwanda cha Kibaha kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kinatengeneza. Ni bakteria wenye sumu inayoamka tumboni mwa kiluilui tu. Kuku, samaki, nyuki na watu hawadhuriki. Wapo wa aina mbili, na ukienda kununua taja unachotaka: Bacillus sphaericus hustahimili maji machafu, kwa hiyo ni ya karo na mtaro, Bacillus thuringiensis israelensis ni ya maji masafi zaidi. Fuata kipimo cha kwenye chombo, na kwa ile ya maji masafi jiandae kurudia kila wiki. Usikate tamaa ukiona mbu bado wanatoka siku mbili tatu za mwanzo. Kiluilui kikishafikia hatua ya mwisho kabla ya kuota mabawa hakili tena, kwa hiyo dawa ya kuliwa haikipati. Jiji la Dar es Salaam lenyewe lilitumia bakteria hawa kuanzia 2006 katika kata kadhaa, kupitia mradi wa kudhibiti malaria mjini, na waliozunguka mitaani kuweka dawa walikuwa wakazi wa mitaa hiyohiyo. Malaria kwa watoto ilipungua katika kata zilizohudumiwa. Si teknolojia ya kubahatisha.

Tuhamie kwa mbu wa mchana, maana karo ukiliziba vizuri kiasi gani, yeye halimhusu.

Zunguka nyumba yako ukiwa na macho ya mtu anayetafuta kikombe kimoja cha maji. Aedes hahitaji zaidi ya hapo. Visahani chini ya vyungu vya maua ndiyo sehemu ya kwanza ningeangalia kwako; weka mchanga ndani yake hadi ukingoni, maua yatapata unyevu wake na mbu atakosa. Kisha mapipa na ndoo za akiba ya maji, ambazo Dar es Salaam hatuwezi kuzikwepa kwa sababu ya mgao. Halafu matairi, vifuu, makopo, chombo cha maji ya kuku, bakuli la maji ya kiyoyozi, trei ya nyuma ya friji, gata lililoziba majani ya mwembe, nguzo za bomba za geti zilizoachwa wazi juu, matofali yenye matundu yaliyopangwa pembeni yakisubiri ujenzi. Mwembe wenyewe unaweza kuwa na tundu linaloshika maji kwenye maungio ya matawi, lijaze mchanga. Tanki la juu likague mfuniko, na bomba lake la kumwagia maji ya ziada lifunge wavu. Tanki la chini ya ardhi vivyo hivyo.

Kwenye mapipa kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Aedes hatagi juu ya maji. Hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Ndiyo maana mtu anamwaga pipa, analijaza tena, na baada ya siku chache viluilui vimo, akasema vimekuja na maji ya bomba. Havikuja na maji ya bomba. Kila wiki, siku moja isiyobadilika, mwaga na usugue kuta za ndani kwa brashi ngumu. Pipa lisiloweza kumwagwa, lifunike kwa kitambaa kilichokazwa kwa mpira au mfuniko usioacha mwanya. Kitambaa kikilegea na kugusa maji hakina faida.

Tabia hii ya kufunika ina uzito mpya siku hizi. Anopheles stephensi, mbu wa malaria wa kutoka Asia anayependa matanki na mapipa ya mjini, aligunduliwa Djibouti 2012, Ethiopia 2016, na Kenya ikamtangaza mwanzoni mwa 2023. Mbu wa malaria asiyehitaji bonde wala shamba, anayetosheka na tanki la nyumbani, si mgeni wa kumwachia mfuniko wazi.

Migomba sasa. Ni kweli kwamba kwenye makutano ya jani na shina la mgomba hukusanyika maji, na wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaozaliana humo. Magimbi na mananasi pia. Lakini nikiwekewa mezani visahani vya maua, mapipa na migomba michache, sitaanza na migomba. Toeni majani makavu na maganda ya zamani, msiache vigogo vilivyokatwa vikashika maji, kisha mle ndizi zenu. Kama baada ya mwezi wa kusugua mapipa bado unaumwa vile vile mchana, chunguza migomba kwa bomba la sindano: nyonya maji ya makutano, mimina kwenye sahani nyeupe, uone. Panga lifuate ushahidi.

Matuta ya mchicha yana hatari yake, si kwa Aedes bali kwa Anopheles, anayependa maji masafi yanayopigwa na jua. Maji yakituama kati ya tuta na tuta zaidi ya siku chache, umemjengea nyumba. Mwagilia kwa kiasi ambacho kinanyonywa siku hiyohiyo, na sawazisha mifereji isiwe na vidimbwi.

Kuhusu ulivyonunua, nitakuwa mkweli. Kidude cha mlio hakifanyi kazi. Kimejaribiwa mara nyingi, na mbu huuma mbele yake bila wasiwasi. Rudisha kama muuzaji atakubali. Mchaichai uliopandwa ardhini haufukuzi mbu. Mafuta yake yakikamuliwa na kupakwa husaidia kwa muda mfupi, lakini mmea uliosimama ukutani haumzuii mbu kupita, kwa hiyo uchemshe chai. Kivumbasi kikifukizwa hupunguza mbu kiasi, ila moshi ni moshi, na kwa mtoto wa miaka minne siutaki, pamoja na ule wa dawa za kuchoma chumba kikiwa kimefungwa. Dawa ya kopo itunze kwa chumba chenye mbu wengi kabla ya kulala: toeni watu na vyakula, pulizeni, fungeni nusu saa, kisha pitisheni hewa. Msipulize bustanini. Nyuki wanaochavusha mwembe wako watakufa kabla ya mbu, kwani mbu wetu wengi wameshakuwa sugu kwa dawa za jamii ya pareto.

Ndani ya nyumba, nyavu za madirisha zikague mkiwasha taa ndani na wewe ukiwa nje; matundu yataonekana. Yale matofali ya kupitishia hewa juu ya madirisha yasipowekwa wavu, nyavu za chini zimepungukiwa kazi. Milango ifungwe kabla ya adhana ya magharibi, maana saa hiyo ndipo Culex anaingia. Feni inasaidia kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mbu ni mrukaji dhaifu na upepo humchanganyia harufu yako. Umeme ukikatika, chandarua ndicho kinachobaki. Kama mnanunua au kugawiwa kipya, ulizeni chenye dawa mbili. Jaribio kubwa lililofanyika Misungwi, Mwanza, lilionyesha vyandarua vyenye dawa iitwayo klofenapiri pamoja na dawa ya jamii ya pareto vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vile vya kawaida. Kwa kukaa nje, mafuta ya kupaka yenye DEET, dawa ya kufukuza mbu, yanatosha. Mtoto wako mpake wewe mwenyewe, usimpake viganjani wala karibu na macho na mdomo, na mwoshe kabla ya kulala.

Jirani, sasa. Culex anaweza kuruka kilomita na zaidi, kwa hiyo karo la nyumba ya tatu lililopasuka ni lako pia. Nenda na ndoo yako yenye mbu walionasa, iwe ndiyo barua ya mwaliko, watu wanaelewa wakiona. Pale mtu anapogoma, au pakiwa na jengo lililoachwa na mashimo ya msingi yamejaa maji, pitia kwa mjumbe na serikali ya mtaa ili bwana afya wa kata aje kukagua. Hiyo ni kazi yake, humwombi fadhila.

La mwisho ni la mtoto, na ningependa ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Dar es Salaam ilipata milipuko mikubwa ya dengue 2014 na 2019. Mtoto anayeumwa na mbu mchana, nyumbani kwenye mapipa na vyungu, akapata homa kali na kipimo cha malaria kikawa safi, daktari anapaswa kuifikiria dengue. Siwezi kusema ndiyo iliyokuwa, na sasa imepita. Ikirudi, mpeleke mapema na utaje wewe mwenyewe kwamba kwenu kuna mbu wa mchana, maana virusi hupatikana kwa urahisi kwenye kipimo cha damu siku za mwanzo. Homa mshushie kwa parasetamo peke yake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutokwa damu. Mpe vinywaji kwa wingi. Siku za kuogopa si zile za joto kali bali pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba: tumbo likimuuma sana, akitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoa damu, au akilegea na kukosa utulivu, nenda hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane. Dengue ina aina nne za virusi, na anayeugua mara ya pili kwa aina nyingine anaweza kuzidiwa zaidi. Kwa hiyo kama ile ya mwezi uliopita ilikuwa yenyewe, kuna sababu ya kuwa mwangalifu zaidi safari ijayo. Na akiwa na homa, alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa sababu katika siku tano hivi za mwanzo mbu wa kwenye visahani vya maua akimuuma yeye, ndiye atakayewapelekea virusi wengine mliomo ndani.